Miguu Ilitangulia, Macho Yakafuata

Mtoto wa Chamwino anajifunzia mpira kwenye ardhi ngumu. Mvua zikishakatika mwezi wa tano, mpaka zirudi mwishoni mwa mwaka, uwanja ni udongo mkavu, kokoto na mbigili. Asiyezijua mbigili za Dodoma na awaulize waendesha baiskeli. Zinatoboa tairi, zinatoboa mpira, na mchezaji akianguka akajizuia kwa viganja anakaa pembeni akizichomoa kwa kucha, moja baada ya nyingine, huku mechi ikiendelea. Julai na Agosti upepo wa mashariki nao unashika kasi, vumbi linanyanyuka, na kipa wa upande mmoja anadaka kwa kukisia.

Katika uwanja wa namna hiyo mpira hautulii mguuni. Ukiugusa kidogo unagonga kokoto, unakurukia gotini. Watoto werevu wanagundua njia yao wenyewe: wanausukuma mbele mita sita au saba, kisha wanaukimbilia. Beki naye anasumbuliwa na mdundo uleule, kwa hiyo anayefika wa kwanza ndiye mwenye mpira. Kijana ninayemsimulia hapa alikuwa anafika wa kwanza tangu kidato cha kwanza.

Jina lake silitaji, wala la klabu yake, kwa kuwa bado yuko kazini na mkate wake uko huko. Nilimfundisha mpira shuleni kwetu kwa miaka minne. Baba yake ni fundi ujenzi, aliletwa huku na kazi za Mji wa Serikali pale Mtumba. Mama yake anauza chai na maandazi stendi. Watu wakiona kijana wa Ugogo ana kasi husema haraka kwamba ameizoea kwa kukimbiza ng'ombe. Huyu hajawahi kuchunga hata mbuzi. Kasi alizaliwa nayo, uwanja ukaipa umbo.

Alionekana kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Wakati huo Dodoma Jiji walikuwa wamepanda Ligi Kuu, mwaka 2020, na vijana wetu walikuwa wanaiona Ligi Kuu kwa nauli ya daladala, pale uwanja wa Jamhuri. Yeye lakini alichukuliwa na klabu nyingine, mbali na hapa, akaanzia timu ya vijana na baadaye akapandishwa timu ya wakubwa. Yaliyomkuta huko, na yale tuliyoyafanya kabla hajaenda, yamenifundisha mengi kuliko kozi zote za ukocha nilizohudhuria.

Kijana wa kasi akifika kwenye timu ya watu wazima, mara nyingi anakutana na moja kati ya mambo mawili. Timu nyingine inamfanya njia ya mkato: mambo yakiwa magumu anapigiwa mpira mrefu, akimbie. Anakimbia miezi kadhaa, mabeki wanamzoea, nyama za paja zinachanika, na akipona anakuta nafasi yake ina mtu. Timu nyingine inamfunga breki: gusa mara mbili, achia, usipige chenga, rudi ukakabe. Msimu ukiisha amekuwa mchezaji wa kawaida kama wengine ishirini, na watu wanaulizana kipaji kimekwenda wapi. Mimi nina msimamo wa tatu, nao nimeushika muda wote niliofundisha. Kasi ibaki ilivyo, kichwa kifundishwe ndani ya kasi hiyohiyo, na wenzake kumi wapangwe wakijua kwamba huyu ni mtu wa kukimbia.

Mfano ninaowapa vijana ni winga Simon Msuva, kwa sababu wamemwona. Alijiunga na Yanga mwaka 2012 akiwa na miaka 18. Kwenye banda la video hapa kwetu, misimu yake ya mwanzo, nilizisikia lawama zilezile ninazozisikia kila leo kwa mawinga wa shule: mbio anazo, lakini macho yako chini na krosi inaishia jukwaani. Msimu wa 2014/15, chini ya kocha Hans van der Pluijm, alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17 na Yanga ikachukua ubingwa. Msimu wa 2016/17 alifunga 14, akalingana kileleni na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting. Mwaka 2017 akaenda Difaa El Jadida ya Morocco, na 2020 akahamia Wydad Casablanca.

Ninavyomsoma mimi, miguu yake haikuongeza kasi katika miaka ile. Kilichobadilika ni mahali alipoipeleka. Alianza akikimbia na mpira kuelekea kibendera cha kona; baadaye akawa anakimbia bila mpira kuelekea golini. Mabao mawili aliyoifungia Tanzania kwenye AFCON yanaonyesha hilo. Juni 27, 2019, pale Cairo dhidi ya Kenya, mwenzake Mbwana Samatta alipiga shuti, kipa akalitema, na Msuva alikuwa ameshafika. Januari 21, 2024, pale San Pedro dhidi ya Zambia, Samatta akampenyezea pasi naye akamalizia. Alikuwa na miaka 30. Winga anayetegemea mbio peke yake huwa amekwisha katika umri huo.

Basi nilipokabidhiwa kijana wangu, swali langu lilikuwa namna ya kumfundisha kutazama bila kumpunguzia hata hatua moja. Makocha wengi wangeanza na mguso. Wangemwambia aache kuusukuma mpira mbali, auweke karibu na mguu kama wanavyofanya wachezaji wa kwenye televisheni. Nilimtazama jioni nyingi nikiwa nimesimama kwenye kona, na nikaona kitu ambacho bado kinanifurahisha nikikikumbuka. Mchezaji anayekokota mpira karibu na mguu lazima autazame, kwa sababu kila hatua anaugusa. Kijana wangu akishausukuma mita saba, macho yake yanakuwa huru mpaka aufikie. Muda huo ni mfupi, sekunde moja na kitu, lakini ni wake. Ule msukumo mrefu ambao watu walikuwa wakimlaumu kwa ajili yake ndio uliokuwa unampa nafasi ya kutazama, na yeye alikuwa anaipoteza nafasi hiyo kwa kuukodolea macho mpira unaotambaa.

Zoezi letu lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulifanya. Nasimama ndani ya eneo la penalti. Yeye anaanzia katikati ya uwanja, upande wa kulia, anausukuma mpira na kuufuata. Mpira ukishatoka mguuni nanyanyua mkono: vidole viwili, au vinne, au kimoja. Lazima aitaje idadi kwa sauti kabla hajaugusa tena. Akikosea anaanza upya. Siku za mwanzo alikuwa anakisia, na akinyanyua kichwa mpira unamponyoka unatoka nje. Nilikataa apunguze mwendo. Kupunguza mwendo ndiko kungekuwa rahisi, na angekuwa amejifunza kutazama akiwa anatembea, jambo ambalo halina kazi kwenye mechi. Miezi ilipopita alianza kutaja idadi huku akicheka. Nikavibadili vidole vikawa watu: mwenzake mmoja anavaa bibu nyekundu, mwingine ya njano, nao wanabadilishana nafasi, ataje nani yuko karibu na goli.

Profesa Geir Jordet wa Norway amefanya utafiti wa miaka mingi juu ya jambo hili, akihesabu mara ambazo wachezaji wa kulipwa wanageuza kichwa kutazama pembeni na nyuma kabla mpira haujawafikia. Wanaotazama zaidi wanafikisha pasi zao zaidi. Nililisoma hilo baadaye, na lilinipa moyo, kwa sababu maana yake kutazama ni tabia, na tabia inafundishika hata kwenye uwanja wa mbigili.

Kilichobaki kilikuwa atazame nini. Hapo msaada ulitoka mahali nisipopategemea. Mdogo wangu anaishi Maryland, Marekani, karibu na Baltimore, na mwaka 2019 alikuwa akinitumia video za mpira wao, ule wa kofia ngumu. Sikuwa nikiuelewa. Akanieleza kwa subira kwamba mchezaji mkuu ni kotabeki: ndiye anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi, na ndiye anayeamua aurushe, aukabidhi kwa mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Mila ya mchezo huo ilimtaka kotabeki asimame nyuma ya walinzi wake na kurusha. Kotabeki mwenye mbio alionekana tatizo.

Kotabeki wa kwenye video zile, Lamar Jackson, alichukuliwa na Baltimore Ravens mwaka 2018 katika uteuzi wa wachezaji wapya, wa 32, wa mwisho kabisa katika raundi ya kwanza. Wapo waliokuwa wamependekeza abadilishwe nafasi, awe mpokeaji wa pasi, wakiona miguu yake inaushinda mkono. Ravens walimwacha abaki kotabeki. Novemba mwaka huo kotabeki wao wa kwanza, Joe Flacco, aliumia, kijana akaingia, timu ikashinda michezo sita kati ya saba iliyobaki. Januari 2019, kwenye mtoano, Los Angeles Chargers wakampangia walinzi saba wepesi wa kumkimbiza na kumzibia njia, wakamshinda. Ni wakati ambao klabu nyingine ingesema kijana ameshajulikana, arudi benchi akajifunze mpira wa kawaida. Ravens walimpa Greg Roman, aliyewahi kufanya kazi na Colin Kaepernick, kotabeki mwingine mwenye mbio, kule San Francisco, jukumu la kupanga mashambulizi upya kuanzia kwa Jackson. Msimu uliofuata alikimbia yadi 1,206, zaidi ya kilomita moja, akaivunja rekodi ya kotabeki kwa msimu mmoja, yadi 1,039 za Michael Vick za mwaka 2006. Na watu wanasahau hili: msimu huohuo alirusha pasi 36 za kufunga, nyingi kuliko mtu yeyote kwenye ligi. Ravens wakashinda michezo 14 kati ya 16, na kura zote 50 za mchezaji bora zikamwendea yeye.

Mbinu iliyonikamata ilikuwa moja. Kwenye baadhi ya mashambulizi yao kuna mlinzi mmoja wa pembeni ambaye hawamzuii kabisa, wanamwacha makusudi. Jackson anamtazama huyohuyo. Mlinzi akimvamia anayekabidhiwa mpira, Jackson anaukatalia na kukimbia nao mwenyewe. Mlinzi akimsubiri Jackson, mpira unakabidhiwa. Kijana wa miaka 22 hakuombwa kuusoma uwanja mzima kwa mara moja. Aliombwa kumsoma mtu mmoja, kwa haraka, akiwa tayari kukimbia.

Kesho yake baada ya kuielewa mbinu hiyo nilimwita winga wangu. Nikamwambia asahau bibu nyekundu na njano, amtazame beki wa kati aliye upande wake, basi. "Akitoka kuja kumsaidia beki wa pembeni, nyuma yake kuna uwazi, mpe namba tisa. Akibaki, uko mmoja kwa mmoja, nenda." Akauliza, "Na namba sita wao je, Mwalimu?" Nikamwambia huyo ni wa mwakani. Mechi za mwezi ule alitoa pasi za mabao kuliko alizotoa tangu aanze kucheza, na hakuna mtu pale uwanjani aliyeona amepunguza mbio. Namba tisa wetu, aliyekuwa akinung'unika kwamba winga ni mchoyo, akawa mtu wa kwanza kumkumbatia.

Klabuni alipopandishwa timu ya wakubwa alikutana na breki. Benchi la ufundi la wakati ule lilitaka mpira wa pasi fupi, na kila mchezaji, popote alipo, aguse mara mbili tu. Sisemi mbinu ile ni mbaya. Ilikuwa na watu wake. Kwa kijana huyu ilikuwa na maana moja: alipoupata mpira, kitu cha kwanza kilichomjia ni sauti ya kocha, beki anakuja wa pili. Aliniambia hivyo mwenyewe alipokuja likizo ya Desemba, akiwa amekaa kwenye benchi la mama yake pale stendi, chai ikipoa mbele yake. Mama yake akageuka kutoka kwenye karai la mafuta akaniuliza, "Mwalimu, wamemkataza kukimbia, sasa wanamlipa afanye nini?"

Nililichukua swali hilo kama lilivyo, kwa sababu ndilo kila klabu inapaswa kujiuliza kabla ya kumsajili mtu. Kijana nilimwambia atii, na atafute faida ndani ya utii huo: kugusa mara mbili kwenye nusu yetu ya uwanja ni jambo jema kwake pia, maana mpira akiupoteza pale akiwa anakimbia, nyuma kuko wazi. Nilimwambia aombe kuzungumza na kocha msaidizi, kwa adabu, na amuulize swali moja tu: katika theluthi ya mwisho, akimkuta beki peke yake, wanataka afanye nini? Mchezaji mdogo akimuuliza mkubwa wake swali la kazi, halichukuliwi kuwa ukaidi.

Msimu uliofuata klabu ilibadili kocha, na huyu aliyekuja alikuwa amemaliza kufikiri kabla hajafika. Aliugawa uwanja. Kwenye nusu yao, kijana anagusa mara mbili kama wengine. Akivuka mstari wa kati yuko huru, na uhuru huo una watu wa kuulinda. Namba mbili anayecheza nyuma yake ni mtu wa kubaki, hapandi ovyo. Namba sita anasogea kulia kila winga anapoanza kukimbia, ili mpira ukipotea awepo mtu wa kwanza kuudai. Namba tisa ameelekezwa akimbilie mlingoti wa karibu kila mara, avute beki wa kati, na namba kumi achelewe, abaki juu ya eneo la penalti kwa pasi ya kurudi nyuma. Nilikwenda Jamhuri kuwatazama walipokuja kucheza Dodoma. Niliona wachezaji wanne wakijongea kwa pamoja mara tu kijana aliposukuma mpira mbele, kabla beki hajajua kinachoendelea. Nilisimama jukwaani na machozi yalinilenga. Hii ndiyo kazi ambayo mchezaji hawezi kujifanyia mwenyewe, hata angekuwa na kipaji cha namna gani.

Mwili nao una madai yake. Nyama za nyuma ya paja zinachanika mara nyingi mguu ukiwa umenyooshwa mbele katika mbio za kasi ya juu, hasa mchezaji akiwa amechoka, na winga wa aina yake anafika kasi hiyo mara nyingi kuliko mtu yeyote uwanjani. Jackson mwenyewe, msimu wa 2021 na wa 2022, aliumia Desemba na hakurudi tena mpaka msimu ukaisha. Mwaka 2023, chini ya mpangaji mashambulizi mpya, Todd Monken, akawa anakimbia kwa kuchagua na kurusha zaidi, na akawa mchezaji bora kwa mara ya pili. Kijana wangu alichanika mara moja, paja la kulia, akakaa nje wiki nyingi. Tangu hapo anafanya zoezi lililomo kwenye programu ya FIFA 11+, na ninawafanyisha wanafunzi wangu wote: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu kwa nguvu, unauachia mwili uanguke mbele polepole ukiwa umenyooka, ukiuzuia kwa nyama za paja mpaka zikushinde, kisha viganja vinapokea. Halihitaji mashine wala umeme. Kwetu linahitaji kwanza kufagia mbigili.

Nadhani klabu zetu bado zinawachosha vijana hawa kwa kuwatumia dakika tisini kila mechi kwa sababu mashabiki wanapiga kelele wakitolewa. Kocha anayemtoa winga dakika ya 70 akiwa bado mzima anastahili kueleweka. Anamtunza mtu wa miaka kumi ijayo.

Sasa mabeki wameshamjua. Wanamwachia upande wa nje makusudi, wanaziba njia ya pasi ya kurudi nyuma, na namba tatu anasimama mguu wa ndani akijua kwamba kijana akikatia katikati atakuwa kwenye mguu wake wa kushoto, ambao ni dhaifu. Yeye mwenyewe ameliona hilo kwenye video kabla sijamwambia. Ligi iliposimama alinipigia simu kuuliza kama uwanja wa shule una nafasi asubuhi. Tumekuwa tukianza saa kumi na mbili na nusu, kabla ya jua na kabla ya upepo, mimi na yeye na watoto watano wa kidato cha pili wanaoturudishia mipira. Anapiga krosi za mguu wa kushoto akiwa amesimama. Nyingi bado zinakwenda nyuma ya goli. Akianza kuzifikisha kwa namba tisa tutazifanya akiwa anatembea, na za kukimbia ameomba tuziache mpaka mapumziko yajayo.